Wageni wa Programu ya Baba

Jumamosi asubuhi binti alimkuta mama yake jikoni akikausha vikombe, na vikombe vilikuwa vingi kuliko wakazi wa nyumba ile. Mkazi alikuwa mmoja tu, mama mwenyewe, tangu mumewe afariki. Wengine wote waliokuwa sebuleni walikuwa shida za watu.

Walijaa kwenye makochi na kwenye stuli, na waliokosa nafasi walikaa kwenye zulia wakiegemea ukuta. Marehemu baba aliandika programu ya foleni, ile inayotoa namba za kusubiria hospitalini, benki na kwenye ofisi za maji. Aliiacha huria: yeyote aichukue bure, aifungue aone ilivyoundwa ndani, na akiweza airekebishe. Kuichukua waliichukua. Kuirekebisha walimwachia yeye. Aliyekwama aliandika shida yake kwenye ukurasa wa programu, nayo shida ilifika sebuleni ikiwa na sura ya mtu, ikasalimia, ikaketi kusubiri jibu. Baba alipozidiwa na kuugua, majibu yalikoma. Wageni hawakukoma.

"Mama, gari liko nje na chumba chako kwangu kiko tayari," binti alisema. "Kwa goti hilo hufai kukaa peke yako."

"Peke yangu?" Mama alitupa jicho sebuleni. "Na hawa niwaache na nani? Nyumba haifungwi wageni wakiwa ndani."

Binti alimjua mama yake. Kubishana naye kuhusu wageni ni kutwanga maji. Aliomba likizo kazini, akaketi kwenye kiti cha baba, aliyemfundisha kuandika programu, akawasha kompyuta. Awahudumie wote, nyumba ibaki tupu, aondoke na mama yake: huo ndio ulikuwa mpango.

Programu ilikuwa imezeeka, lakini sauti ya baba ilikuwa mle mle. Katikati ya mistari alimwachia maneno yeyote atakayekuja baada yake. "Hapa nenda polepole." "Hapa nilikosea, nikapazoea, nikapaacha." Binti alicheka peke yake, akalia kidogo, akaendelea na kazi.

Alianza na mwanamke wa zahanati, ambaye kengele yake iliita namba ile ile mara mbili na wagonjwa wakagombana mlangoni. Kengele ilipotulia, mwanamke alisimama, akasuuza kikombe chake, akaaga. Binti alifurahi mpaka akamsindikiza getini.

Bwana wa benki alikuwa amekalia kochi zuri. "Yangu ni ya haraka," alisema.

"Benki yenu ina mafundi wa kompyuta ghorofa nzima. Hamna hata mmoja wa kuja kunisaidia?"

"Wana kazi."

"Kazi gani?"

"Za benki."

Binti alimrekebishia hivyo hivyo, maana kwenye foleni ya benki wanasimama pia wajawazito na wazee. Bwana aliondoka, kikombe akakiacha juu ya kochi.

Habari zikaenea kwamba programu imefufuka. Waliokata tamaa zamani wakakumbuka shida zao, na kila alipotoka mmoja waliingia wawili. Mama alimtuma binti dukani kuongeza vikombe. Goti lilimuuma, lakini siku hizo aliimba jikoni.

Likizo ilipokaribia kwisha, binti alimgeukia mgeni wa kiti cha mbao kando ya mlango. Huyo alikuwepo kabla ya wote, na kila asubuhi mama alimpa chai yeye kwanza. Alivaa shati la baba, lile lililoungua pasi mfukoni, na alikuwa na sura ya baba kabla ya mvi.

"Na wewe shida yako nini?" binti aliuliza.

"Msaidizi," alijibu.

"Hiyo aliiandika baba yako mwenyewe," mama alisema. "Wewe ulikuwa bado shule. Aliomba mtu mmoja tu wa kushika naye kazi. Wakasoma wote, wakamtakia kila la heri."

Binti aliingia jikoni, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Kisha alipiga simu kazini kwake kuomba apunguziwe saa, akahamishia nguo zake kwenye chumba alimolelewa. Kwenye ukurasa wa programu, penye jina la mtunzaji, aliandika lake chini ya la baba.

"Nimekuja," alimwambia mgeni wa mlangoni. "Samahani nimechelewa."

Mgeni alisimama. Alishikana mkono na mama kwa muda mrefu, akamgusa binti utosini kama baba alivyozoea, akaenda mlangoni. Kabla hajaushika mlango, ulifunguliwa kutoka nje na bwana wa benki akaingia na shida mpya.

"Ya haraka," alisema, akakaa kwenye kochi zuri.

Mgeni wa mlangoni alimtazama binti pale kwenye kompyuta. Alitazama na nafasi iliyokuwa ubavuni pake, ambayo ingetosha kiti cha pili. Akarudi kwenye kiti cha mbao, akaketi. Shati lilikuwa lile lile, ila sura ilikuwa imeanza kuwa ya binti.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Mama alileta birika, akammiminia yeye kwanza.