Foleni ya Madumu

Bibi Koki aliinama, akalishika dumu lake la bluu, akaliondoa nafasi ya arobaini na moja na kuanza kwenda nalo mbele. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Mtaani hapakuwa na mtu, ila mbwa mmoja aliyelala mtaroni, na huyo hata sikio hakuinua.

Dumu lilikuwa tupu, lakini lilimlemea. Aliyapita madumu ya majirani yaliyojipanga kutoka ukuta wa karakana hadi bombani. Wengine kila mtu alijua dumu lake. Yeye alijua ya wote. Lile lililozibwa kwa mfuko wa nailoni lilikuwa la dobi. Lile lililonuka mafuta mpaka leo, la mwalimu mstaafu. Na la nne kutoka mbele, lenye mshono wa plastiki iliyoyeyushwa, lilikuwa la fundi mwashi. Hilo akalisukuma nyuma kwa goti, akapachika lake. Kisha akasogea kando, moyo unamdunda kama wa mwizi wa kuku. Tena si kama; alikuwa mwizi hasa.

Usimhukumu upesi. Ngoja kwanza nikueleze bomba hili lilikuwaje lilipoletwa, miaka kumi na miwili nyuma. Watu walichota kwa viwiko. Kila asubuhi ilikuwa vita, kina mama wanavutana nywele, mpaka mjamzito mmoja akasukumwa akaangukia mtaroni. Siku ile ile Bibi Koki, wakati huo mfagiaji wa soko tu, alichora mstari ardhini kwa mpini wa fagio lake akasema, "Anayetaka maji apange hapa." Walimcheka wakashika mbavu. Kesho yake walipanga wanne. Mwezi ulipokwisha walipanga wote, na kamati ya mtaa ikamkabidhi ufunguo wa koki. Jina likaanzia hapo. Watu walitania kwamba hata malaika wa kifo akija kumchukua, ataambiwa kwanza apange foleni.

Halafu likazuka jambo ambalo hakuna kamati iliyolipitisha. Watu wakaanza kuacha madumu yasimame badala yao. Unaliweka jioni, unakwenda kulala, unakwenda kazini, ukirudi unalikuta limesogezwa mbele na mikono ya watu ambao wengine hata salamu hamna. Dobi na mke wa fundi walikuwa hawaongei mwaka wa pili, lakini kila mmoja alisogeza dumu la mwenzake. Wengine wakiulizwa mji ni nini watakutajia maghorofa na taa za barabarani. Mimi nakwambia mji ni dumu tupu lililoachwa nje usiku kucha, na asubuhi likakutwa pale pale.

Sasa bomba kuu lilikuwa limepasuka huko milimani, wiki ya tatu hii. Maji yalitoka asubuhi tu, kwa saa moja, na jana yalikatika kwenye dumu la ishirini na mbili. Zamani mwenye mgonjwa alipitishwa mbele. Lakini wiki iliyopita waliosema wana wagonjwa walikuwa wawili, na juzi wakawa kumi na tisa, basi Bibi Koki akaifuta ruhusa hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Jana tu alimrudisha fundi mwashi, ambaye mkewe alikuwa na homa. "Kila mtu ana mgonjwa wake, mwanangu," alimwambia. "Subiri zamu."

Na jana hiyo hiyo mjukuu wake alikuwa akiharisha siku ya pili. Muuguzi alisema wampe maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, bila kuchoka. Kikombe cha mwisho kiliisha kabla ya kucha. "Mama," binti yake alimwambia mlangoni, "analia machozi hayatoki." Bibi Koki alitoka akaenda bombani. Dumu lake lilikuwa la mwisho kama kawaida, maana siku zote aliliweka la mwisho, asije akasemwa.

Jua lilipochomoza watu walikuwa wamejaa. Akafungua koki. Maji yakatoka membamba kama uzi. Dumu la kwanza likajaa, la pili likajaa, la tatu likawa nusu, ndipo sauti ya fundi mwashi ikasikika.

"Hebu, hebu! Mimi ni wa nne. Hili la bluu limetoka wapi?"

Watu wakasogea kulitazama.

"Kuna mtu amechezea foleni," fundi akasema, na macho yake yakamwendea muuza viatu, kijana mgeni mtaani ambaye hakuwa na hata mwezi. Naye dumu lake lilikuwa la bluu.

"Wallahi si langu, langu lile pale!"

"Tangu umehamia hapa!" dobi akadakia. Mtu akamkamata shati. Mwingine akamvua kofia, sijui ya nini, akaitupa. Kijana akawa analia kweli, na mkono wa fundi ulikuwa umeshainuliwa.

"Mwacheni," Bibi Koki akasema. "Ni langu."

Mwalimu mstaafu akacheka, akidhani ni utani. Alipomtazama usoni akanyamaza.

Fundi akateremsha mkono polepole. "Bibi. Jana nilikuja kwako."

"Ulikuja."

"Nikakupigia magoti."

"Ulipiga."

"Ukaniambia nini?"

"Mjukuu wangu anakufa, fundi," akasema.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mtu mmoja huko nyuma alisema tu, "Kumbe!" na baada ya neno hilo watu wakamiminika bombani. Madumu yalipigwa mateke, yakavingirika hadi barabarani. Mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa kusema samahani, alipita juu ya mgongo wa mwanamke. Mtu akaning'inia kwenye bomba, bomba likakatika shingo, maji yakaruka juu na mengi yakaishia mtaroni. Bibi Koki naye alipigana, tusidanganyane. Alimvuta dobi kilemba, akakinga dumu kwa kifua chake, akatoka na maji hayajafika hata robo, mdomo ukivuja damu na hajui nani amempiga.

Nyumbani waliyachemsha. Kijiko kwa kijiko, yeye na binti yake, kwa zamu. Mtoto alitapika cha kwanza, akatapika cha pili, cha tatu kikakaa. Saa nane mchana akakojoa kwenye kanga ya mama yake, na wanawake wale wawili wakalia kwa furaha ya mkojo, jamani, mkojo tu.

Lakini ile "Kumbe!" haikumtoka masikioni. Alasiri akajikaza, akarudi bombani.

Mtu alikuwa ameshaifunga ile shingo ya bomba kwa utepe wa tairi la baiskeli. Kwingine kote kulikuwa kweupe. Kila mtu alikuwa amechukua dumu lake akaenda nalo kwake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili aliiona ardhi yote mpaka ukuta wa karakana, imejaa alama za visigino. Bibi Koki akasimama mbele ya bomba, mikono mitupu. Aliona haya hata kukaa chini.

Fundi mwashi akatokea kwenye kona. Alikuwa na dumu lake. Alipomwona alisita, kisha akaja.

"Mtoto je?"

"Amekojoa."

Fundi akatikisa kichwa, kama anayekubali.

"Na mkeo?"

"Homa haijashuka."

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia, pale ambapo hapakuwa na dumu wala mtu, akauliza kama mtu anavyouliza asiowajua:

"Nani wa mwisho?"

"Mimi," akasema Bibi Koki.

Fundi akaenda kusimama nyuma yake. Dumu alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakuliweka chini.