Tumbo la Usto Nazrullo, kati ya Joto na Baridi

Hapa mjini Istaravshan, mpishi wa pilau wa mtaa wetu ni Nazrullo, tunayemwita Usto, yaani fundi. Mabinti wengi wameolewa kwa sufuria lake, na sasa zamu ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Mehrangez. Siku chache kabla ya harusi, tumbo likaanza kumchoma. Asipoinuka kitandani, pilau ya harusi, ambayo kwetu huliwa alfajiri, ingepikwa na Abdumalik wa mtaa wa chini, ambaye mchele wake ni ndugu wa uji. Aibu hiyo Usto asingeiweza.

Kwetu kila chakula ni cha joto au cha baridi, hata kama kinafuka moshi. Mafuta ya kondoo na kokwa za jozi ni joto. Mtindi na choroko ni baridi. Mgonjwa aliyezidiwa na upande mmoja hutibiwa kwa upande wa pili. Hilo halibishaniwi. Kinachobishaniwa ni upande gani.

Mkewe, Oyniso, alisema ni joto, maana mumewe ameonja mafuta ya kondoo maisha yake yote. Akampa mtindi na uji wa choroko. Dada mkubwa wa Usto, Bibisoro, wa nyumba ya pili, alisema ni baridi. Si alikaa juu ya jiwe akila tikiti? Akaleta chai nyeusi iliyokolea sukari ya mawe, na jozi zilizokaangwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo.

Usto ni mtu mpole. Alimeza vya mke asubuhi na vya dada jioni, akamshukuru kila mmoja kwa wakati wake. Hali haikubadilika, kwa hiyo kila mmoja akaongeza kipimo.

Siku mbili kabla ya harusi, mawifi hao walikutana mlangoni kwa mgonjwa, kila mmoja na bakuli lake. Mimi jirani nilikuwa nimekwenda kumjulia hali, nikajikuta katikati.

"Kumbe ni wewe, wifi," alisema Bibisoro. "Mimi nawasha, wewe unazima."

"Nyumba ikiungua, wifi, lazima mtu azime."

"Huyu nimemlea mimi tangu hajaota meno."

"Ndiyo maana tumbo lake liko hivyo."

Yaliyofuata yalifika mpaka kwenye posa ya Oyniso ya zamani, siyarudii. Mwishowe Bibisoro alisema anamwachia mwenye mume, na Oyniso akasema anamwachia mwenye kaka. Wakaondoka na mabakuli yao. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayemlisha, akangoja kwa subira hali izidi kuwa mbaya.

Usto hakulishwa na yeyote. Alikunywa maji ya moto na kutafuna ukoko wa mkate mpaka kesho yake jioni, tulipokusanyika uani kukata karoti za pilau. Hapo tukamwona anatoka kwa miguu yake mwenyewe, anauliza mwiko wake uko wapi.

Alfajiri tulikula. Abdumalik alimaliza sahani mbili, ndipo akauliza kwa sauti, "Usto, ni dawa gani iliyokuinua?"

Upande wa wanawake ukatega masikio. Mehrangez alikuwa atolewe na mama yake huku na shangazi yake kule, na wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu ugomvi ule. Usto aliufuta mwiko wake.

"Baridi ya mke wangu asubuhi, joto la dada yangu jioni," alisema. "Moja peke yake haisaidii."

Bibi harusi akatoka ameshikwa mikono yote miwili.

Nini hasa kilimponya, mimi sisemi. Najua tu kwamba mtaa mzima sasa unajitibu hivyo, na kwamba Abdumalik amelala kitandani kwa tumbo tangu Alhamisi. Jana mimi nilicheua mara moja baada ya chakula. Leo asubuhi mke wangu ameniwekea bakuli la mtindi, na dada yangu ametuma salamu kwamba jioni atapita.