Kifua cha Kamanda

Saa nne na robo asubuhi, miguu ya Kamanda ilikuwa nje ya pango na mwili wake uliobaki ulikuwa ndani. Miguu ilipiga maji mateke mawili, ikatulia.

Pango lilikuwa la mbao zilizokandikwa saruji, limejengwa ndani ya bwawa la maji kwenye ghala la kukodi. Filamu ilihusu watu waliookolewa katika pango la kweli lililofurika, na Kamanda aliigiza mwokoaji mkuu. Sasa waigizaji waliopaswa kuokolewa walikuwa upande wa pili wa upenyo mwembamba alimokwama, wakimvuta mikono.

"Bosi, anatuokoa yeye au tunamwokoa sisi?" mmoja alipaza sauti.

"Vuta, acha maneno!" mwongozaji alifoka, kisha akamgeukia seremala. "Na wewe, ulipima kwa macho?"

"Nilimpima mwenyewe, bosi, kifua na mabega. Nikaongeza na nafasi ya vidole."

"Kwa hiyo amenenepa tangu jana? Lete msumeno. Ukimaliza kukata, kusanya vifaa vyako uende zako."

Fundi wa mavazi aliyasikia hayo akiwa nyuma ya kamera, sindano mdomoni. Seremala alikuwa mume wake, na kifua cha Kamanda kilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kamanda alimwomba kifua cha kishujaa, akamwapisha asimwambie mtu, hata mumewe. Naye akashona vipande vya godoro ndani ya vazi la kuzamia. Jana, kwenye mazoezi makavu, vilipita upenyoni bila shida. Maji hakuyafikiria. Leo godoro lilikuwa limeyanywa, likaumuka kama unga uliotiwa hamira.

Akachomoa sindano mdomoni. "Bosi, niachie mimi na mkasi kwanza. Nitalegeza vazi."

Alizunguka nyuma ya pango, akapiga magoti majini mbele ya uso wa Kamanda na kuwasogeza wavutaji kando.

"Dada yangu," Kamanda alinong'ona, "ukilitoa godoro, nimekwisha."

"Nisipolitoa, mume wangu amekwisha."

"Aseme amekosea kidogo tu. Nitamtafutia kazi kwingine."

"Hajakosea."

"Watakiona kifua changu!"

"Kaka, umekwama kama kizibo na watu wazima sita wamekuvuta wakashindwa. Hapo umebakiwa na heshima gani? Toa pumzi."

Alifungua zipu ya shingoni, akapenyeza mkasi, akakata mshono. Godoro lilitoka vipande vitatu, vikaelea taratibu mbele ya kamera ya upande huo, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Kamanda akachomoka nyuma yake, mwembamba kama ufito.

Mwongozaji aliingia majini na viatu vyake, akaokota kipande, akakikamua.

"Nini hiki?"

"Kifua," fundi wa mavazi alijibu. "Nimekishona mimi. Vipimo vya mume wangu viko sawa."

Seremala alimkazia macho. "Hata mimi, mke wangu, ukanificha?"

"Niliapishwa."

"Tukifika nyumbani tutaongea."

"Tutaongea. Ila kwanza rudisha msumeno."

Mwongozaji alilitazama pango, akamtazama Kamanda, akamrushia kile kipande.

"Seremala, baki. Turudie. Bila godoro."

Safari hii Kamanda alipita upenyoni bila kugusa mbao. Waliookolewa wakampigia makofi na vigelegele, ingawa hapo walitakiwa kulia.