Begi la Bwana Tetemeko

Kila alipotoka na begi, mtaa ulihama.

Mara ya kwanza alikuwa anakwenda tu kumsalimia dada yake. Kabla hajafika kona, fundi cherehani wa jirani alikuwa ameshafunga duka na kujitwika mashine kichwani, na nyuma yake watu wanatoa magodoro. Ikabidi arudi ndani. Walipomwona amerudi, na wao wakarudi.

Chanzo chake kilikuwa redio. Yeye alifanya kazi katika ofisi ya kupima mitetemeko, na mtangazaji alimuuliza kama ardhi inaweza kutikisika upande wa milimani. Akajibu kwamba inaweza. Haikupita muda ikatikisika kweli, nyumba zikaanguka, na jibu lake likarudiwa hewani asubuhi na jioni. Tangu hapo akaitwa Bwana Tetemeko. Jino likimuuma akakunja uso sokoni, watu wanapiga simu nyumbani. Alipomlalamikia mkuu wake wa kazi, mkuu akacheka. "Waache waamini, bwana. Ofisi imepata jina."

Kisha binti yake, aliyeolewa mji mwingine, akakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mama mtu alitangulia. Baba akabaki peke yake na sufuria za viporo.

"Baba, unakuja lini?" binti aliuliza kwenye simu.

"Nakuja, mama. Nakuja."

Alijaribu kutoka alfajiri bila begi, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Fundi alikuwa anafagia mlangoni. Akauona mfuko, akamdaka mkono wa shati.

"Niambie mimi tu, shemeji. Nina watoto."

"Sikimbii kitu. Naenda kwa binti yangu."

"Ndivyo ungesema."

Fundi alizidi kukaza mkono. Hakuweza kuung'oa. Alirudi ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, mlango wazi mbele yake na pa kwenda hana.

Siku hiyo mtoto alizaliwa. Alimwona kwenye picha ya simu.

Kesho yake akaenda ofisini, akachapisha utabiri wake wote kama ulivyokuwa umeandikwa na kutunzwa kabla ya matukio, bila kubadili neno. Akaupanga upya kwenye karatasi kubwa: wiki gani, eneo lipi, tetemeko la ukubwa gani, nafasi ngapi kati ya mia, na mwishoni, lilikuja au halikuja. Wiki alizokosea hakuziruka. Akazibandika zote ukutani, nje ya geti.

Watu walijaa, wakatafuta tarehe ijayo, wakaikosa, wakaondoka wamenuna. Fundi peke yake alibaki, tepu ya kupimia shingoni.

"Hapa umesema kumi kati ya mia, halikuja. Umekosea?"

"Kwa wiki moja huwezi kujua. Chukua wiki zote nilizosema kumi kati ya mia. Kama lilikuja karibu mara moja katika kila kumi, nimepima sawa. Likija mara tano, nilikuwa nawapumbaza."

Fundi akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alirudia safu nzima, kisha akashuka hadi wiki ya milimani. Akasimama hapo.

"Mbona hii umeandika tatu kati ya mia?"

"Ndivyo nilivyokadiria."

"Hii iliyokupa jina? Kumbe ulikuwa hujui!"

"Sikujua, shemeji. Nilisema linaweza kuja. Hata mtoto angesema."

Fundi alimtazama kwa hasira, kama mteja aliyeuziwa kitambaa kibovu. "Na sisi tumelala nje na mvua!" Akashika kiuno. Kisha pumzi ikamtoka. "Haya, nenda ukamwone mjukuu. Nikikuona na begi nitajua ni begi."

Alipotoka na begi, nyumba kadhaa zilitoa magodoro hata hivyo. Watu walimpungia kwa macho ya huzuni. Lakini cherehani ya fundi iliendelea kulia, naye akatembea akiisikiliza mpaka sauti ikapotea.

Alimkuta mjukuu amelala. Mkewe akamwekea mikononi, akamwelekeza namna ya kushika kichwa, kana kwamba hajawahi kulea. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alicheka kwa sauti.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba, na nyuma yake wapangaji wamejaa ngazini, nyuso zimewang'aa.

"Karibu sana, mzee! Leo tutalala usingizi. Kama wewe umehamia huku, basi huku ni salama."

"Sijahamia. Nimekuja kumwona mtoto."

"Tunaelewa," mwenye nyumba alisema, akimkonyeza. "Kaa hata mwaka. Ila usiondoke bila kutuambia."

Bwana Tetemeko aligeuka akalitazama begi lake. Mkewe alimtazama, akasogea haraka na kumpokea mtoto, maana mikono ya mumewe ilikuwa imeanza kulegea.