Lebo ya Bi. Tunu

4.

LEBO HAIPO. MASHINE ISIWASHWE.

1.

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE, KITENGO CHA KUSAFISHA DAMU

Kuanzia leo mfumo mpya utamwandikia kila mgonjwa programu yake ndogo, wenyewe, bila mkono wa mtu. Programu itabeba lebo: jina, uzito, muda wa mashine. Lebo isiposomeka, mashine isiwashwe. Hakuna mtumishi mwenye ruhusa ya kuiwasha bila lebo.

2.

Mimi ni Tekla. Mfumo tumeuandika na mwenzangu Gervas, ila matusi naletewa mimi. Nimeitafuta lebo ya Bi. Tunu Mfaume kwa jina, kwa namba, kwa kila njia ninayoijua. Wagonjwa wa zamani wote wanapita. Yeye ni mgeni, miguu imevimba, yuko kwenye benchi pale ninamwona, na mashine imemkataa. Nalichukia neno hili.

Haipo.

3.

Simu, Gervas na mimi:

— Kwangu, kwenye laptopu, inasoma, dada.

— Kwako si hospitali.

— Labda umekosea jina.

— Gervas, usinitie wazimu.

4.

LEBO HAIPO. MASHINE ISIWASHWE.

5.

Kwenye benchi, Bi. Tunu na muuguzi Sikitu:

"Mwanangu, mtambo unasema sipo?"

"Unasema lebo yako haipo, bibi. Vumilia, wanarekebisha."

"Na mimi je?"

6.

Mimi ni programu ya Tunu. Nipo. Nimeandikwa asubuhi hii, nina jina lake na kilo zake. Naishi kwenye memori tu, akili ya muda ya kompyuta, faili sina. Tekla ananitafuta kwenye diski yanakotunzwa mafaili, nyumba ambamo sijawahi kulala.

7.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi Tekla ndiyo kwanza nafungua diski. Mafaili ya wagonjwa wa zamani yamo, mfumo wa zamani uliyaacha. La Tunu halimo.

— Gervas, kwenye laptopu yako kuna faili la Tunu?

— Lipo. Nililihifadhi asubuhi, wakati wa majaribio.

— Kwa hiyo siku nzima unasoma faili lako mwenyewe.

— Dada...

— Nyamaza kidogo.

8.

Rekebisho: tafuta kwenye memori kwanza.

Mstari mmoja. Nimetamani kulia.

LEBO IPO. TUNU MFAUME. WASHA MASHINE.

9.

Sikitu anaita jina. Anaita tena.

Kwenye benchi kuna khanga yake iliyokunjwa. Tumemtafuta chooni, kwenye veranda, getini. Mlinzi hakumbuki kumwona.

Sikitu ananigeukia, eti mfumo unasemaje.

Unasema yupo.