Sifuri ya Swali la Nne

Binti alipanda ngazi hadi ofisi ya mhadhiri wa hisabati damu ikimchemka, karatasi yake ya mtihani mkononi. Wanafunzi humwita mhadhiri huyo Bwana Njia, maana kila muhula hufungua somo kwa sheria ileile: asiyeonyesha njia hapati alama, hata jibu likiwa sahihi.

"Mwalimu, swali la nne umenipa sifuri, na njia nimeijaza ukurasa mzima!"

"Jibu lako halifanani na langu."

"Basi lifanye swali lenyewe hapa ubaoni, nione."

Mhadhiri alichukua chaki kwa dharau, akaandika mistari sita. Kwenye wa saba mkono ukagoma. Kumbe jibu la binti ndilo. Kuomba radhi? Ng'o! Alifuta ubao upesi, akaandika kumi kwenye karatasi, kisha akaikata ile kumi na kuweka tano.

"Tano nimekukata kwa utovu wa nidhamu. Mwanafunzi haniamrishi ofisini kwangu."

Binti akaichukua ile chaki, akamwekea kiganjani.

"Sawa, mwalimu. Hizo tano umezipataje? Onyesha njia."