Injini Iliyokataa Kuzimika

Anas alijenga injini ya ndege uani, Al Amerat, Omani, kwa ajili ya baba yake. Mimi Evodia, mpishi wa nyumba ile, nasema tangu mwanzo: lilikuwa pendo la kujionyesha.

Baba huyo, Mzee Marhoon, kabla miguu haijapooza, alikuwa fundi wa jeti za zamani za kijeshi. Kila jioni alimsimulia Dativa, mwenzangu kutoka Bukoba aliyemhudumia, habari za injini za mwanzo kabisa. Moja, alisema, ilifungiwa mafuta ikazidi kunguruma, kwa sababu mafuta yaliyotuama ndani yalikuwa bado yanawaka, na mafundi wakatimua mbio. Dativa alicheka mpaka machozi. Mzee alitamani kuisikia sauti ile tena kabla hajafa, ndipo Anas akaunda moja kwa mfano wa zile za kale.

Ijumaa ya kuiwasha wageni walijaa. Asubuhi Anas alikuwa ameijaribu mara kadhaa ikakataa kuwaka, na kila jaribio liliacha mafuta tumboni mwa injini. Ilibidi kwanza ayamwage. Lakini wajomba walishamaliza kahawa, na katika nyumba ile kumsubirisha mgeni ni aibu kubwa kuliko kuiba. Akaacha kuyamwaga. Baba akawekwa mbele kabisa, ubavuni mwa injini, maana mkubwa hakai nyuma ya watu. Dativa akafunga breki za kiti chake cha magurudumu.

Iliwaka. Mzee akafumba macho, akatabasamu, na pamoja na hasira zangu zote nilifurahi kwa ajili yake.

Kisha sauti ikapanda. Anas akafunga mafuta; ikazidi kupanda. Mzee akafumbua macho. Alijua kabla ya wote.

"Kimbieni," akasema.

Nyumbani pale baba akiamuru habishiwi. Wote wakakimbia, Anas mbele yao. Dativa peke yake alibaki, ameinama, anahangaika na breki iliyokwama. Nilimpigia kelele kutoka dirisha la jikoni, hakunisikia. Akaachana na breki, akamkumbatia mzee, akamvuta chini, akamlalia. Injini ikapasuka. Vipande vya chuma havikumgusa mzee. Vilimpata Dativa mgongoni, akafa palepale.

Jana jeneza lake lilisafirishwa kwao. Leo asubuhi Anas amepiga magoti mbele ya baba yake, akalia, akasema kwamba wao walitii amri yake tu.



"Nilikwambieni mkimbie," mzee akasema. "Sikukwambieni mniwache. Na yule mtoto wa watu nilimwambia vilevile."

Akaniomba nimpeleke chumbani. Anas aliinuka haraka ashike kiti, na mzee akauondoa mkono wa mwanawe.